Bahari ya Lita Mia Nne

Mimi ni fundi majokofu. Bahari sijaiona.
Ninayoijua ni ile ya lita mia nne
katika kliniki ya meno ya Daktari Merali, mtaa wa Rufiji,
ambako wagonjwa, mashavu yamevimba,
hukaa wakitazama samaki wa manjano
mpaka waitwe.

Chumvi yake huja kwa basi, ndani ya ndoo;
tunaikoroga kwa mwiko wa ugali.
Ziwa lote liko pale chini, limejaa sato,
wala halifai hata kikombe.

Oktoba ile joto lilipanda, maji yakawa vuguvugu.
Daktari akauliza: Malimi, utaweza kuyapoza?
Mtu akishaulizwa hivyo mbele ya wagonjwa!
Nikafungua friji la soda lililofia Nyakato,
nikatoa koili, shaba tupu, nyekundu kama kucha za bibi harusi,
nikaisugua, nikaizungusha, nikaizamisha.
Siku ya pili maji yalikuwa na ubaridi wa alfajiri.
Nikalipwa. Nikanywa soda nikiitazama kazi yangu.

Wa kwanza kuanguka walikuwa konokono.
Waliachia kioo mmojammoja
kama vifungo vya shati kuukuu.
Kisha lile ua lenye mdomo likajikunja ngumi.
Kisha kamba wawili wa mistari, wale wasafisha samaki,
wakalala ubavu, miguu ikipiga kinanda kisichosikika.
Samaki waliogelea tu. Maji yaling'aa.
Ndiyo maana sikushuku: mimi nimezoea kosa linalovuja,
kosa linalonguruma, kosa linalorusha fyuzi.

Nshoma wa utafiti wa samaki alikuja kung'oa jino.
Kesho yake alirudi, pamba bado shavuni,
na kichupa, na dawa ya matone.
Tone, tone, tikisa. Subiri.
Maji yakageuka buluu, buluu nzuri
ningeishonea shati.
"Shaba," akasema kwa upande mmoja wa mdomo.
"Na ajabu yake, damu ya kamba yenyewe ina shaba.
Bila chembe yake haishi.
Wewe aliomba ndizi, ukamwangushia mkungu."

Koili niling'oa usiku uleule.
Ilikuwa imeota kijani penye viungo.
Ndoo tatu nje, ndoo tatu ndani; kesho tena; keshokutwa tena.
Mkaa wa kuchuja. Pedi nyeupe kutoka Dar
inayomeza shaba na kubadili rangi ikishiba.
Kichupa kikafifia, nikashangilia.
Wiki moja, buluu ikarudi.

"Ni mawe," alisema Nshoma. "Na mchanga.
Vilikunywa pamoja na maji. Sasa vinacheua."
Sisi wa Mwanza tunajenga juu ya mawe,
tunaanika nguo juu ya mawe,
sikuwahi kudhani jiwe lina kinyongo.

Niliyatoa kwa mikono, kumi na saba.
Kuyatupa ziwani? Nilikwisha jifunza.
Yako uani kwangu Igogo, chini ya bati, makavu;
Kabula huegesha sufuria juu yake.
Koili wakaipima wanunuzi wa chuma chakavu,
kilo mbili kasoro.
Fedha yake ikanunua ndoo ya chumvi.
Daktari sikumwambia. Alijua.

Januari tukatia kamba mmoja. Mmoja tu.
Kila asubuhi nilipita kumchungulia kabla ya kazi.
Siku ya tisa nikamkuta chini, mweupe,
macho hayana kitu.
Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa.
Mama mmoja akaniambia pole, akidhani ni jino.

Nikatia wavu nimtoe. Hakuwa na uzito.
Lilikuwa ganda: mgongo umepasuka vizuri,
kila mguu upo, hata sharubu,
kasoro mwenyewe.
Mwenyewe alikuwa nyuma ya chujio, laini, kama mwenye haya,
akingoja koti jipya limkae.

Lile la zamani ninalo.
Naliweka kwenye kisanduku cha fyuzi.